Jongoo wa Mheshimiwa

Ofisini walimwita Mama Jongoo. Walioanzisha jina hilo walikusudia kumchokoza, lakini yeye alilipokea kama mtu anavyopokea kifurushi chake posta, akatia sahihi na kuondoka nacho. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa fundi wa maabara katika jumba la makumbusho ya viumbe, ghorofa ya chini, chumba cha mwisho baada ya choo cha wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa kutazama majongoo waliokufa. Alikuwa na hadubini moja ya zamani iliyofungwa utepe shingoni, vibano viwili vya ncha nyembamba, na chupa elfu kumi na moja za spiriti zilizopangwa kwenye rafu mpaka darini, kila moja na wenyewe ndani.

Katika makaratasi ya ofisi majongoo waliwekwa chini ya Idara ya Wadudu. Kwa hesabu za wataalamu mdudu ana miguu sita, na jongoo ana miguu mpaka mhesabuji aombe maji ya kunywa. Lakini kuanzisha idara nyingine kungehitaji kikao, kikao kingehitaji mwenyekiti, na wenyeviti wote walikuwa kwenye vikao vingine. Basi majongoo wakabaki wadudu kwa amri ya utumishi.

Jongoo akishikwa hutoa maji ya kahawia yenye harufu kali, na doa lake halitoki kwa sabuni yoyote iliyokwisha kutengenezwa. Vidole vya Mama Jongoo vilikuwa na rangi ya chai iliyokolea majani. Wasiomjua walidhani ni mvutaji sigara wa kutupwa. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke asiyemaliza sentensi moja kabla ya kuanza nyingine, alikuwa amekwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba kaka yake kaoa mtu wa kuchezea vinyama visivyo na jina.

"Majina vinayo, wifi," Mama Jongoo alimjibu siku moja. "Ni vichache tu ambavyo havijapata."

"Sasa hiyo ndiyo kazi ya kuamkia asubuhi?"

Alikuwa ameingia kazini kwa mkataba wa miezi mitatu, kuandika lebo, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Chumba wakati huo kilikuwa cha bibi mmoja mtafiti, mkali, aliyevaa miwani miwili kwa wakati mmoja na asiyezungumza na binadamu kabla ya saa nne asubuhi. Wiki ya pili bibi alimkuta mwandika lebo ameinamia hadubini bila ruhusa.

"Unaona nini?"

"Naona jongoo, bibi. Mwekundu mwekundu hivi, halafu..."

"Sikukuuliza rangi! Rangi ni nguo. Wewe ukibadilisha gauni umekuwa mtu mwingine? Mgeuze tumbo. Hesabu pingili, toka kichwani mpaka ya saba. Hapo ndipo jongoo dume anaposema yeye ni nani."

Na ndivyo ilivyo. Majongoo wengi wanafanana kama wanafunzi waliovaa sare. Kinachotenganisha spishi moja na ndugu yake wa karibu hakiko kichwani wala mgongoni. Kiko chini, kwenye pingili ya saba, ambako dume aliyepevuka, mahali pa miguu ya kutembelea, ana viungo vidogo vya kupandia jike vilivyojikunja ndani ya kifuko. Kila spishi ina umbo lake la viungo hivyo: huyu ana ndoano, yule ana kijiko, mwingine ana kitu kama koleo la fundi saa. Jike hana. Mtoto hana. Kwa hiyo kumtambua jongoo ni kumpekua mahali ambapo mtu mwenye adabu hatazami, na Mama Jongoo, mwanamke mwenye haya zake, alijifunza kupatazama bila kupepesa macho. Miezi mitatu ikawa miaka minne. Bibi akastaafu, nafasi yake haikujazwa, na mwandika lebo akabaki na ufunguo.

Mkurugenzi wa jumba alikuwa daktari wa falsafa ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Uvumbuzi. Alikuwa amevumbua nini, hakuna aliyejua kwa hakika. Alilipenda neno lenyewe. Hotuba yake ya mwaka mpya ilikuwa na uvumbuzi mara kumi na tisa. Mhasibu alikuwa akihesabu kwa vijiti vya kiberiti chini ya meza. Makongamano alihudhuria mengi, na kila alikotoka alirudi na mkoba mpya wenye nembo. Mara ya mwisho kuonekana kwenye chumba cha majongoo ilikuwa bomba lilipopasuka juu, naye alikuwa anatafuta ndoo.

Mwaka wa ishirini na tatu wa kazi yake, mvua zilipokolea, mume wa Mama Jongoo alikwenda kwa seremala wa mtaani kuomba ubao wa kutengenezea meza ya kukatia nguo. Mume huyo alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache kwa kuwa muda mwingi mdomo wake ulikuwa umebana pini. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la maranda lililooza miaka na miaka. Seremala alipolichimbua kutafuta ubao uliofukiwa, majongoo wakamwagika nje. Watu wengine wangeruka. Fundi alivua kofia yake, akachagua saba wenye afya, akarudi nyumbani ameishika kofia kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi.

"Mama Pacha," alisema, kwa jina alilompa tangu wapate mapacha, "nimekuletea zawadi."

"Kofia?"

"Tazama ndani."

Wenzake waliletewa manukato. Yeye alitazama ndani ya kofia, akamtazama mumewe, na uso wake ukafunguka kama wa bibi harusi.

Kesho yake aliwaweka chini ya hadubini. Watatu walikuwa madume. Aliingiza ncha ya sindano kwenye pingili ya saba, akakivuta kiungo taratibu, na mkono wake ukasimama. Kiungo kiliishia kwa uma wenye ncha mbili, moja ndefu na moja fupi, ile fupi imepinda kurudi nyuma; na kwenye shina lake kulikuwa na meno matano madogo yaliyopangwa safu. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, na katika jumba lile, asichowahi kukiona yeye kwa jongoo, hakuna mwingine aliyewahi.

Hakupiga kelele. Aliteremsha chupa za ndugu wote wa karibu wa jongoo huyo, spishi sita, akaanza kuwapambanisha mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na ncha moja tu. Wa pili ncha mbili, lakini zinalingana. Wa tatu alimweka roho juu siku mbili nzima: ncha mbili zisizolingana, fupi imepinda nyuma vilevile, mpaka alipopata mwanga mzuri na kuona kwamba shina lake ni laini, halina jino hata moja. Waliobaki hawakumsumbua. Alipima, akachora, akafuta, akachora tena. Wiki tatu zilipita hivyo. Michoro aliipeleka nyumbani, akamwonyesha mumewe mchoro wa yule jongoo wa tatu na wa yule wa kwenye kofia, bila kumwambia yupi ni yupi.

Fundi alitoa pini mdomoni. "Hawa hawakushonwa na fundi mmoja," alisema. "Huyu kaweka mshono wa meno. Yule kapitisha tambarare."

Hiyo ilimtosha. Alivaa viatu vya kufungwa, akapanda ghorofa ya tatu kumwona Mkurugenzi.

Bwana Uvumbuzi alikuwa na homa ya ugeni. Waziri alikuwa anakuja kufungua jengo jipya la jumba, yaani jengo lilelile la zamani lililopigwa rangi upande unaoonekana barabarani. Mkurugenzi alitaka kumpa zawadi ya kukumbukwa.

"Mheshimiwa ana barabara tayari," alisema, akizunguka meza. "Ana shule mbili. Ana uwanja wa mpira. Lakini kiumbe hana! Tumpe spishi. Spishi mpya, yenye jina lake, milele!"

Ndege mpya hakuwapo. Maua mapya yalikuwapo mawili, lakini yalikwisha kupewa wake za mawaziri waliopita. Ndipo Mama Jongoo alipoingia na chupa yake mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu akapewa kiti.

"Umesema mpya?"

"Mpya, Daktari. Ukitazama pingili ya saba..."

Mkurugenzi aliinua chupa kwenye mwanga. "Mbona mweusi hivi? Na hiki kinachonuka ni nini?"

"Ni yeye, Daktari."

"Mama, Mheshimiwa hawezi kunuka." Alirudisha chupa. "Hebu twende chini nijichagulie mwenyewe."

Walishuka. Bwana Uvumbuzi alipita mbele ya rafu kama mtu anayenunua tai, na mbele ya meza ya wapya akasimama. Ndani ya kichupa kidogo, kilichotiwa spiriti wiki ileile, alikuwamo jongoo mwembamba, mwekundu, na mstari wa njano mgongoni toka kichwa mpaka mkia.

"Huyu!"

"Huyo ni mtoto, Daktari. Mtoto wa jongoo wa kawaida, yule wa majalalani. Akikua mstari unapotea."

"Umejuaje?"

"Pingili za mwisho hazijaota miguu. Na kwenye ya saba hana kitu, anatembelea miguu ya kawaida."

"Mama, kwani ni lazima kila mtu umvue nguo?" Mkurugenzi alitia kichupa mfukoni mwa koti. "Tunazungumzia heshima ya taifa."

Mama Jongoo alikaa, akachukua kikaratasi, akaandika kwa ule mwandiko wake uliompa kazi: "Daktari, jongoo uliyemchukua ni mtoto wa spishi inayojulikana. Ana pingili thelathini na sita, tano za nyuma hazina miguu. Hafai kupewa jina jipya." Akampa katibu muhtasi apeleke. Jioni kikaratasi kilirudi, na chini yake kwa kalamu nyekundu: "Nimeona. Haya ni mambo madogo. Tuendelee." Na sahihi, yenye mkia mrefu. Alikikunja akakiweka ndani ya kitabu chake cha michoro.

Makala ya Bwana Uvumbuzi ilitoka baada ya siku tisa, katika jarida ambalo halijapata kumkatalia mtu tangu lianzishwe. Ilikuwa na kurasa nne, mbili zikiwa za shukrani. Mahali ambapo mtaalamu hueleza jinsi spishi yake inavyotofautiana na jamaa zake, palikuwa na sentensi moja: "Spishi hii inatofautiana na ndugu zake wote kwa uzuri wake."

Siku ya hafla kichupa kiliwekwa juu ya kitambaa chekundu, na Mama Jongoo akasimamishwa nyuma ya nguzo na taulo, endapo spiriti itamwagika. Mheshimiwa alikata utepe, akakitazama kichupa kwa mbali ya kutosha, kisha akashika kipaza sauti.

"Nimefanyiwa mengi na wananchi wa nchi hii," alisema. "Lakini kufanywa jongoo, ndugu zangu, ni mara ya kwanza."

Watu walipiga makofi. Akanogewa. Akasema serikali yake ni kama jongoo huyo, ina miguu mingi na yote inakwenda upande mmoja. Bwana Uvumbuzi, aliyemvisha kilemba hicho cha ukoka, alitikisa kichwa kuafiki kila neno mpaka miwani ikamteleza. Nyuma ya nguzo Mama Jongoo alitafuna ncha ya taulo asicheke.

Miezi miwili baadaye ikaja barua. Mwandishi wake alikuwa mtaalamu wa mbali, mwanamke mzee kidogo, ambaye katika ulimwengu mdogo wa watu wa majongoo neno lake lilikuwa la mwisho. Kwa kuwa makala iliishukuru wizara kwa ufadhili, aliipelekea nakala na wizara pia. Na watu wa fani hii, wakishampa kiumbe jina, humwita kwa jina hilo tu, bila kutanguliza neno jongoo. Ni desturi yao ya kazi, haina ubaya. Barua ilikuwa katika lugha ya kigeni. Wizarani ilipelekwa kwa mfasiri, naye alikuwa mtu mwaminifu sana. Alitafsiri neno kwa neno, na kila palipokuwa na jina akaliacha jina la Waziri kama lilivyo.

"Ndugu Mkurugenzi," ilisema tafsiri, ila hapa mahali pa jina tumeweka cheo. "Nimesoma kwa makini maelezo yako kuhusu Waziri. Hujataja popote viungo vya uume vya Waziri. Naomba unijulishe kama vimepotea au havikuwahi kuwapo. Katika picha naona pia kwamba sehemu ya nyuma ya Waziri haijakamilika, ambayo ni dalili ya wazi ya utoto. Kwa maoni yangu Waziri si kitu kipya. Anapatikana kwa wingi katika majalala yote ya ukanda huu, na anapokua hupoteza uzuri wake. Nitashukuru ukinitumia Waziri ndani ya chupa ili nimchunguze mwenyewe."

Nakala ya kwanza ilitoka wizarani saa nne asubuhi. Kufikia saa saba mchana ilikuwa imefika vinyozini. Gazeti la kesho yake halikuandika maoni yoyote. Lilichapa barua nzima, na pembeni kikatuni cha jongoo mwenye tai.

Simu ya jumba la makumbusho ililia mpaka katibu muhtasi akaifunika kwa mto wa kiti. Na siku hiyohiyo Bwana Uvumbuzi alishuka mwenyewe hadi chumba cha mwisho baada ya choo, uso umemparama, akabisha hodi.

"Mama yangu," alianza. Alikuwa hajapata kumwita hivyo. "Dada yangu. Sisi ni familia moja hapa."

"Karibu, Daktari. Kuna ndoo pale ukitaka kukalia."

Alikalia ndoo. Alitoa karatasi iliyochapwa vizuri. Ilisema kwamba fundi wa maabara, kwa uzembe, alichanganya chupa, na kwa kushindwa kutofautisha jongoo mtoto na mzima alimkabidhi Mkurugenzi kielelezo kisicho sahihi.

"Ni kutia sahihi tu," Mkurugenzi alisema. "Utapewa onyo dogo, litaishia kwenye faili. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

"Minne."

"Unaona? Miaka minne si mingi. Lakini inaweza kuwa mirefu sana."

Mama Jongoo aliomba karatasi akaisome nyumbani. Alimkuta mumewe anapiga pasi suruali ya mtu. Akamsomea yote, mpaka mwisho.

"Wanataka kukufanya mbuzi wa kafara," fundi alisema.

"Hilo naliona."

"Utasaini?"

Kilichomuuma Mama Jongoo hakikuwa onyo wala hiyo miaka minne. "Wangeandika nimeiba spiriti, labda ningesaini," alisema. "Wangeandika nimelala kazini. Lakini eti nimeshindwa kumtambua mtoto wa jongoo? Mimi? Baba Pacha, huo ni utovu wa adabu!"

Fundi aliweka pasi chini. "Basi usisaini," alisema, kana kwamba anamwambia asinunue kitambaa kibovu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa ukumbini: wajumbe wanne, chupa nane za maji, na mwenyekiti mwenye kifua kipana aliyetoka wizarani. Bwana Uvumbuzi alizungumza dakika arobaini. Alitaja uvumbuzi, akataja mazingira magumu, akataja watumishi wa ngazi za chini wasio na elimu ya kutosha, akamtupia Mama Jongoo jicho la huruma. Kisha akaketi akajipangusa.

Mama Jongoo alipoitwa hakuja na hotuba. Alikuja amebeba hadubini yake kifuani kama mtoto mgonjwa, akaitua mbele ya mwenyekiti, akamtoa jongoo wa Waziri kwenye kichupa kwa kibano, akamlaza chali ndani ya kisahani.

"Naomba mwenyekiti atazame, tafadhali. Hesabu kutoka kichwani mpaka pingili ya saba."

Mwenyekiti aliinama. Alihesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Alipofika ya saba alisogeza jicho, akaangalia tena.

"Mbona hana kitu?"

"Hapo ndipo ilipo maana ya barua yote, mwenyekiti."

Mjumbe mmoja alipaliwa na maji. Mama Jongoo akatoa kitabu cha michoro, akachomoa kikaratasi, akakiweka kando ya hadubini. Mwenyekiti akasoma mwandiko mzuri wa juu, kisha kalamu nyekundu ya chini, kisha ile sahihi yenye mkia. Akampitishia jirani yake. Kikaratasi kilizunguka meza nzima, na kila kilipopita watu walimwangalia Bwana Uvumbuzi, naye aliiangalia feni.

Mtu angetegemea mambo makubwa baada ya hapo. Taarifa ya kamati ilipendekeza "kuimarisha mawasiliano baina ya ngazi mbalimbali." Bwana Uvumbuzi alihamishiwa wizarani kuwa mshauri mwandamizi wa masuala ya sayansi, akapewa gari refu kuliko lile la kwanza. Mheshimiwa alibadilishiwa wizara, akapewa ya ujenzi, ambako hakuna viumbe. Na Mama Jongoo alipata barua ya onyo kwa kosa la kumwandikia mkubwa wake kwenye kikaratasi badala ya kujaza fomu. Aliisoma mara mbili, akageuza upande wa pili uliokuwa mweupe, akachora jongoo.

Lakini alikuwa amefanya jambo moja zaidi. Wiki ya ile kashfa, wakati wakubwa wanakimbizana ngazini, alimwandikia mtaalamu wa mbali. Alimtumia picha za mtoto yule, ili asisumbuke kumwomba tena, na mwisho wa barua akaongeza mchoro wa uma wenye ncha mbili zisizolingana na meno matano, bila maelezo. Jibu lilikuja baada ya siku tano. Halikuwa hata na salamu.

"Nani kachora hiki?"

"Mimi," alijibu.

"Kwa nini hujakiandikia makala?"

"Mimi ni fundi wa maabara."

"Jongoo hana habari na hilo. Andika."

Aliandika. Ilimchukua miezi minane. Mtaalamu wa mbali alimrudishia rasimu ya kwanza imejaa alama mpaka karatasi ikaonekana imepata tetekuwanga, na Mama Jongoo akafurahi, kwa sababu tangu bibi mtafiti astaafu hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha. Alieleza kila ndugu kati ya wale sita na namna wa maranda anavyotofautiana naye: urefu wa ncha kwa kipimo, idadi ya meno, pembe ya mkunjo. Neno uzuri halikutokea hata mara moja. Jarida lilikuwa la wagumu; liliirudisha makala mara tatu, na mara ya tatu lilikuwa linabishana juu ya jino la tano tu, kama ni jino au ni kijiinuko. Alipima upya madume wote watatu. Ni jino.

Likabaki jina. Alitaka kumpa jongoo jina la bibi mtafiti, akaenda kumtembelea. Bibi alikuwa amepindukia themanini, anaishi kwa mwanawe, amebakiza jozi moja ya miwani, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Jina langu?" alifoka. "Nani kakutuma? Nikae kwenye chupa na watu wanibishie meno? Mpe jina la kile ulichokiona. Uma hauwezi kuhamishwa wizara."

Kwa hiyo akaitwa, kwa Kilatini, mwenye uma usiolingana. Makala ilitoka ikiwa na mwandishi mmoja. Mtaalamu wa mbali alikataa jina lake liwekwe popote isipokuwa kwenye shukrani. Wifi aliletewa nakala. Akaigeuza huku na huku, akauliza kama katika jitihada zote hizo hakukupatikana nafasi ya jina la ukoo wao, kisha akaibeba kwenda kuwaonyesha majirani.

Kwa sheria za fani yao, jina likishachapwa halifutiki. Jina la Mheshimiwa halikutupwa; lilihamishiwa chini ya jongoo wa majalalani, kwa herufi ndogo, katika orodha ya majina yasiyotumika. Mwanafunzi yeyote wa miaka mia ijayo atakayemtafuta jongoo huyo atamkuta na Mheshimiwa hapo chini amelala.

Wiki makala ilipotoka, Mama Jongoo alikwenda kwa seremala kutafuta majike zaidi. Lundo la maranda halikuwapo. Mfuga kuku wa mtaa wa pili alikuwa amelibeba lote na mkokoteni, akatandaze bandani. Mama Jongoo alisimama pale kwenye udongo mtupu: spishi yenye umri wa siku nne kwenye vitabu, na nyumba yake pekee inayojulikana imegeuzwa godoro la kuku. Alikwenda kwa mfuga kuku karibu anakimbia. Maranda mengi yalikuwa yamekwisha kuchanguliwa, lakini kwenye kona yenye unyevu, chini ya birika la maji, aliwapata kumi na mmoja, wazima, wamejiviringisha. Kuku walikuwa wamewadonoa wakawatema.

Alimwomba mfuga kuku asipulize dawa kwenye kona ile, wala asiifagie, akamweleza sababu. Mfuga kuku alisikiliza kwa makini, akajikuna kidevu.

"Hakuna taabu, mama," alisema. "Ila sasa, kwa hisani hiyo, na mimi siwezi kupata jongoo wa jina langu?"

Mama Jongoo alipiga magoti kwenye maranda, akafungua kizibo cha chupa. "Nishikie tochi kwanza," alisema.